Jina Lililongoja Kizota

Masasi,
8 Februari 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku Masasi mvua imenyesha tangu Krismasi na viatu vyangu vyote vimeota ukungu. Ofisi ya kilimo imenipa pikipiki inayowaka ikipenda yenyewe. Bupe, yule mwenzangu wa Tukuyu niliyekusimulia, anakusalimu. Anasoma makala zako zote za gazetini na anasema siku akikuona ana kwa ana atavuka barabara kwa kukuogopa. Baba hajambo, ila Bahi maji yamefika nyuma ya zizi.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei tangu tulipobishana Desemba juu ya majina, na pia kwa sababu wewe mwenyewe, nilipokuwa shule ya bweni, ulinifundisha kwamba jambo zito liandikwe. Zito lenyewe ni hili. Khairat amejifungua Jumamosi, mtoto wa kike. Yupo kwao Kizota, nyuma ya karakana ya baba yake. Uzazi haukuwa mwepesi. Nitakueleza siku tukikaa pamoja. Wote wawili wapo.

Kwetu mwanamume akipata mtoto wa kwanza, shangazi ndiye humtoa nje. Mimi sina dada, baba yangu hana dada mwingine, na sina mama mwingine zaidi ya wewe uliyenilea, kwa hiyo kazi ni yako. Ukifika, Khairat atakunong'oneza jina tulilolichagua. Utamshika mtoto, utavuka naye kizingiti, utamwekea unga wa uwele kwenye ulimi na kumtamkia jina sikioni, kama ulivyonifanyia mimi. Sitaliandika hapa. Unajua kwetu jina likitamkwa kabla halijaingia sikio la mwenyewe linahesabiwa limechacha.

Mama mkwe wangu, Bi Stara, kwao mtoto hupewa jina siku ya saba kwenye akika. Ameahirisha. Amesema, "Tumngoje shangazi, mila za watu ziheshimiwe." Shangazi, kutoka kwako Miyuji mpaka Kizota ni bodaboda moja tu. Usiulize jina gani. Nenda.

Mwanao,
Tumsifu


Miyuji,
19 Februari 2024

Mwanangu Tumsifu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba mama na mtoto wapo. Mimi nina mgongo na nina hasira, vyote vya kawaida. Baba yako alikuja Jumapili na ndoo ya kambale. Mpunga wake umezama, lakini anacheka kama mtoto. Anasema mwaka huu Bahi imemstaafisha kilimo na kumwajiri uvuvi. Nyumba inanuka mpaka leo.

Sasa tuje kwenye hilo lako. Umeniandikia barua nzuri, kwa sababu nilikufundisha mimi, na ndani yake umenitegea. "Usiulize jina gani." Mimi? Mtu ambaye kwa miaka sita ameandika juma baada ya juma kuhusu majina? Unataka nibebe mtoto, nivuke kizingiti, halafu ninong'onezewe jina lililotoka jangwani au lililotoka kwenye kalenda ya watakatifu, nami nilitie sikioni mwa mjukuu wangu kama muhuri!

Sikia. Warumi wa kale walimwita mtoto wa tano Quintus, maana yake wa tano, wakamaliza. Waakan wa Ghana humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa: Kofi ni wa Ijumaa, Kwame wa Jumamosi. Waswahili wenyewe wamejaza dunia akina Tabu na Shida na Mashaka, na hakuna aliyekufa kwa kuitwa hivyo. Watu wote hao jina lilikuwa habari yao. Waliangalia walipo, siku gani, mwaka gani, wamepata nini, wamekosa nini, wakamwita mtoto kwa hayo. Sisi peke yetu tunaangalia walipo wengine. Baba yako ni Raphael, "Mungu huponya", kwa Kiebrania, mtu ambaye hajawahi kumwona Mwebrania. Mimi nilibatizwa Frida. Ni neno la Kijerumani, amani. Unajua nililipataje? Padri alikuwa na dada yake huko Ujerumani, akampa mtoto wa Kigogo jina la dada yake. Nikawa sanduku la kutunzia kumbukumbu za mtu mwingine. Miaka sita sasa sijibu anayeniita hivyo, na wewe unajua.

Mimi nitakwenda Kizota kwa sharti moja. Mtoto aitwe Nzala, jina la mama yangu, bibi yako, aliyezaliwa mwaka wa njaa na akaishi. Jina hilo lina ardhi ndani yake. Mwambie mkeo. Akikubali, nitapanda bodaboda siku hiyo hiyo, mgongo au hakuna mgongo.

Mwambie pia Bi Stara nashukuru kwa kuningoja, ingawa hajui anamngoja nani.

Shangazi yako,
Mazengo (hilo moja linatosha, ni la babu yako)


Masasi,
29 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana, imelowa upande mmoja. Pikipiki imekufa kabisa, natembelea wakulima kwa miguu. Mtoto anaongezeka uzito. Khairat bado anatembea ameinama, kidonda hakijapona vizuri.

Nilimsomea sharti lako kwenye simu. Mama yake alikuwa karibu, nikamsikia akisema, "Muulize mumeo, huyo mtoto tukishamwita Njaa, akililia maziwa tumjibu nini? Tumwambie unajiita?" Wakacheka, Shangazi, lakini si kwa dharau. Walicheka kama watu waliochoka kungoja.

Jingine ni hili, na usinikasirikie. Nilimpigia Baba nikamuuliza kuhusu jina la Bibi. Akasema Bibi alipobatizwa ukubwani alilichagua jina la Yasinta mwenyewe, kwa sababu aliambiwa ni ua, na tangu siku hiyo aliyemwita Nzala alirushiwa chochote kilichokuwa karibu. Baba anasema aliwahi kurushiwa mwiko wa ugali. Wewe wakati huo ulikuwa umeshaolewa Singida, labda hukuona.

Unasema jina la wengine ni la wengine. Mzee Hamidi, baba mkwe wangu, siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha aliniuliza jina langu lina maana gani. Nikamwambia, "Ni kumsifu Mungu." Akaweka chini kifaa chake cha kuchomelea, akavua miwani, akasema, "Na langu ni sifa hizo hizo kwa Kiarabu. Basi baba yako na baba yangu walikuwa wanawaza jambo moja, hawakuambizana." Bupe kwa Kinyakyusa ni zawadi. Kila kabila nililokutana nalo kazini lina mtoto anayeitwa zawadi. Mimi sina elimu yako, lakini sioni hapo nani ameibiwa.

Nitakuambia jambo moja ambalo sikutakiwa kulisema: jina tulilochagua si la Kiarabu. Bi Stara mwenyewe ndiye aliyelikubali wa kwanza. Zaidi ya hapo usinivute.

Arobaini itaisha tarehe 14 Machi. Bi Stara anasema baada ya hapo hawezi kumweka mtoto ndani tena, majirani wameanza kuuliza kama ana kilema. Nimeomba likizo, nitakuwa Kizota siku hiyo. Njoo, Shangazi. Njoo bila sharti. Sijawahi kukuomba kitu kwa namna hii tangu nilipokuomba usinirudishe Bahi.

Tumsifu


Miyuji,
11 Machi 2024

Mwanangu,

Najua utakuwa njiani kuja Dodoma, na barua hii itakungoja Masasi. Vizuri. Kuna maneno ambayo ni heri mtu ayakute ametulia.

Baba yako ameanika samaki kwenye paa la bati na paka wote wa Bahi wamehamia kwake. Kuhusu huo mwiko, mwambie nimesikia, na kwamba kumbukumbu zake siku zote zimekuwa upande wa kuchekesha.

Si la Kiarabu, unasema. Basi ni la Kizungu, maana ungekuwa umechagua la kwetu ungelisema kwa fahari. Umekwepa shimo moja ukatumbukia la pili. Na huyo mzee Hamidi na hadithi yake ya sifa mbili, ni mtu mwema, lakini wema si hoja. Mbona kila mara hao wawili wanapowaza jambo moja, jina linalobaki ni la mgeni?

Ulimi wangu haujapoa, kwa hiyo nimeandika. Makala ilitoka jana, nakuwekea kipande chake humu ndani. Kichwa chake: "Nimelizika Jina la Frida". Nimesema humo kwamba jina hilo nilivishwa kama kanzu iliyopwaya, kwamba mzazi anayempa mtoto wake jina kama hilo leo anamvalisha nguo ya marehemu. Watu wamenipigia simu tangu asubuhi. Wengine wanatukana, ndiyo dalili kwamba imefika.

Juma lililopita nilikwenda Kizota kutafuta fundi wa geti. Nilipita hapo nyuma ya karakana. Niliona vinguo vya mtoto vimeanikwa kwenye kamba, vyeupe, vidogo mno, na soksi moja imeanguka kwenye vumbi. Nilisimama. Mwanamke mmoja akatoka, nadhani ndiye Bi Stara, akaiokota soksi, akaipulizia vumbi, akaniangalia. Akasema, "Karibu mama, unamtafuta fundi?" Nikasema, "Nimeshampata." Nikaondoka. Nilikuwa na haraka.

Tarehe 14 sitakuja. Mtu akiandika jambo mbele ya nchi nzima Jumapili hawezi kulikana Alhamisi.

Mazengo


Masasi,
3 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimerudi kazini. Barua yako nilikuta imewekwa mezani kwangu. Gazeti nilikuwa nimeshalisoma.

Sikuandika mapema kwa sababu kila nilichoanza kuandika nilikichana.

Siku ya arobaini Baba alifika kutoka Bahi alfajiri na samaki wake. Uwele aliusaga yeye mwenyewe. Tulikaa. Mzee Hamidi alifunga karakana, jambo ambalo hafanyi hata siku ya msiba wa jirani. Mchana ukapita. Khairat alikuwa ndani na mtoto, amemvalisha, kila bodaboda ikisimama anauliza, "Ni yeye?" Saa kumi Baba akasema, "Atakuja, mimi namjua dada yangu, anapenda kuchelewa ili aonekane." Hapo kijana mmoja wa karakana, hajui lolote, akasema, "Mzee, si yule mama wa gazetini? Mbona Jumapili ameandika?" Akaleta gazeti, limefungia spana. Mzee Hamidi akalikunjua akalisoma kwa sauti, kwa sababu yeye husoma kila kitu kwa sauti. Alipofika kwenye nguo ya marehemu akaishia hapo. Akalikunja vile vile lilivyokuwa.

Shangazi, jina lilikuwa Frida.

Lilikuwa lako. Wazo la Khairat, si langu. Alisema, "Aliyekulea hana mtoto. Tumpe somo wake." Mimi nilimwambia umelikataa hilo jina. Akasema, "Amelikataa kwa sababu amelibeba peke yake. Akilisikia kwa mtoto atalipenda." Nilikubali kwa sababu mimi sikuwahi kukujua kwa jina la Mazengo. Nilipokuwa mdogo nikiota vibaya nilikuwa naita, "Shangazi Frida," na wewe ulikuwa unaitika. Bi Stara alipoambiwa maana yake ni amani alisema ndani ya nyumba hii hakuna atakayekataa amani, hata ingekuja kwa Kichina. Ndiyo maana tulitaka ulisikie pale mlangoni, mtoto akiwa mikononi mwako. Tulidhani ukiwa umemshika hutaweza kubishana.

Baada ya gazeti kusomwa Bi Stara alimchukua mtoto. Alisema taratibu, bila kumwangalia mtu, "Siwezi kumpa mjukuu wangu jina ambalo mwenyewe amelitupa barabarani." Baba akamwomba, "Basi mpe la kwako, dada." Akamvusha kizingiti yeye. Baba akamwekea uwele ulimini. Anaitwa Stara. Jioni wakafanya na akika, kidogo tu, ya watu wa nyumbani.

Ni jina zuri. Linamkaa.

Sina zaidi.

Tumsifu


Miyuji,
22 Julai 2024

Mwanangu Tumsifu,

Marahaba, na za tangu Aprili. Baridi ya mwaka huu Dodoma ni ya kupasua midomo, upepo unaingia mpaka kabatini. Maji ya Bahi yanashuka. Baba yako amerudi kuwa mkulima na analalamika, kwa hiyo ni mzima. Mgongo wangu ni ule ule. Gazeti nimeliambia napumzika. Mhariri aliuliza naumwa nini, nikamwambia sijui jina lake.

Barua yako imekaa chini ya mto wangu miezi mitatu. Mara nne nimeijibu na mara nne nimejikuta naandika makala. Aya ya pili nakuwa nimeshaanza kukushinda. Hii ya leo sitaisoma tena kabla ya kuipeleka posta.

Nimefikiria sana juu ya yule padri. Nimemcheka kwenye maandishi miaka sita. Juzi nilikuwa naosha vyombo, nikaona kitu ambacho mtu yeyote asiyeandika magazetini angekiona siku ya kwanza. Yule alikuwa kijana, mbali na kwao, hakuna mtu wa kumwita kwa lugha yake. Akampa mtoto jina la dada yake ili kila Jumapili apate sababu ya kulitamka. Nilikuwa namkimbilia mlangoni, nakumbuka, na alikuwa ananiita mara mbili mbili, "Frida, Frida," hata nikiwa nimeshafika. Mimi nilidhani haoni vizuri.

Sisemi kwamba nilikosea yote. Majina yetu yalidharauliwa, watoto walichapwa shuleni kwa kuyatumia, na hilo nitaliandika tena nikipata nguvu. Lakini niliwahesabu watu wote wa ulimwengu na majina yao, Warumi na Waakan, nikasahau kumuuliza mmoja aliyekuwa akiniita kwa hilo langu akiota vibaya.

Jumamosi nilikwenda Kizota. Sikumpigia mtu. Nilisimama nje ya karakana mpaka mzee Hamidi akaniona. Hakushangaa. Akageuka akaita ndani, "Mama Khairat, yule mama aliyetafuta fundi amekuja."

Bi Stara akatoka anajifuta mikono. Nikamwamkia, nikasema, "Mimi ni..." halafu nikakwama, Tumsifu. Mimi. Sikujua nitaje lipi. Akaniokoa yeye. "Nakujua. Wewe ni Bi Frida. Nilikujua hata siku ile ya soksi, kwa picha za Tumsifu, nikasema labda hajawa tayari." Nikamwuliza kwa nini hakuniita. Akasema, "Ningekuita kwa jina gani ambalo ungeitika?"

Alinikalisha. Khairat akamleta mtoto, akanipa. Mkeo amekonda. Hakunilaumu, na heri angenilaumu. Mtoto akaniangalia kwa muda, ana macho ya baba yako, ya mtu anayejiandaa kucheka. Kisha akaanza kulia, akamnyooshea mikono bibi yake. Bi Stara akamwambia, "Somo, mnyamazie mgeni wako." Somo. Akamwita hivyo mbele yangu, na mtoto akageuka kumtazama, anajua ni yeye anayeitwa na anajua nani anamwita.

Basi. Sikuja kuomba libadilishwe. Nisingethubutu, na pia ni kweli, linamkaa. Naomba jambo moja tu, na ukikataa nitaelewa. Ninyi bado vijana. Akija wa pili, hata akiwa wa kiume, niambieni mapema. Nitahamia hapo Kizota, nitalala karakana kwenye vyuma. Nitafika kabla ya mkunga. Mtakachoninong'oneza nitakitamka, kiwe cha Kigogo, cha Kichina, chochote.

Ni mimi shangazi yako,
Frida


Masasi,
9 Agosti 2024

Shangazi Frida,

Shikamoo. Jana ilikuwa Nane Nane, tumeonyesha korosho tangu asubuhi mpaka jua lilipozama, sauti imenikauka. Bupe anakusalimu. Anasema gazeti halisomeki siku hizi, urudi. Uhamisho wangu wa kuja Dodoma bado uko kwenye meza ya mtu. Khairat atabaki kwao mpaka upatikane.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimempelekea Khairat kwa basi aisome mwenyewe, nimeona si haki kumsomea kwenye simu.

Hilo uliloliomba nalijibu kwa sababu hustahili kufichwa tena, nami niliahidi kukueleza siku tukikaa pamoja, na siku hiyo haikuja. Hatutapata wa pili. Khairat alivuja damu sana usiku ule akijifungua, madaktari wakamtoa kizazi ili aishi. Sikuandika kwa sababu sikutaka uje kwa huruma. Nilitaka uje kwa sababu nimekuita. Sasa naona ningeandika. Huruma nayo ingekuleta, na ungekuwa umefika.

Tulijua tangu siku ya kwanza kwamba tuna jina moja tu la kutoa.

Khairat amenijibu kwamba hana kinyongo. Anasema uende Jumamosi, na Jumamosi nyingine. Mtoto ameota jino, na siku hizi analilia kila asiyemzoea. Usipitishe juma bila kwenda.

Mwanao,
Tumsifu